"Nilifuata mwongozo wako neno kwa neno"

Dada mshauri, habari za kazi.

Nakuandikia nikiwa nimechoka, kwa hiyo nivumilie nikirukaruka. Huu ni mwaka wa tatu najitolea kutunza mwongozo wa watumiaji wa programu huria ya kuendeshea maktaba ndogo: kuorodhesha vitabu, kuazimisha, kudai vilivyochelewa. Mimi si msanidi programu. Nilikuwa naitumia tu katika maktaba niliyokuwa nasaidia, nikakuta sentensi inayosema kitufe kiko kushoto na kumbe kiko kulia. Nikajifunza namna ya kutuma sahihisho, likapokelewa siku hiyohiyo na neno la ahsante juu yake. Nilifurahi sana. Nikatuma la pili, nikatuma la kumi, kisha nikaandika ukurasa mzima wa kuchapisha lebo za vitabu kwa sababu haukuwepo. Haukupita mwaka, kila aliyeuliza jambo kuhusu mwongozo akawa anaelekezwa kwangu. Sikumbuki siku niliyoombwa kazi hii, wala siku niliyoikubali.

Leo mwongozo una kurasa 140 na picha za skrini zaidi ya 200. Wasanidi ni sita, watu wa bidii, na hutoa toleo jipya kila baada ya miezi mitatu hivi. Shida yangu ni kwamba mimi najua kilichobadilika siku ileile wanapojua watumiaji wote. Menyu imehamishwa, kitufe kimepewa jina jingine, hatua tatu zimekuwa moja, nami nasikia kutoka kwa mtu aliyekwisha kasirika. Usiku wa toleo silali. Nafungua programu, napitia menyu moja moja nikilinganisha na kurasa zangu. Nikimaliza natuma masahihisho, halafu nasubiri, maana sina ruhusa ya kuyaingiza mwenyewe. Mara ya mwisho yalikaa wiki tano bila mtu kuyatazama, na wiki zote hizo watumiaji wakawa wananiandikia kuhusu makosa niliyokwisha kuyarekebisha.

Sasa nikueleze kilichonivunja moyo. Zamani kitufe cha "Rejesha" kilichukua nakala rudufu na kuongeza kumbukumbu zilizokosekana, bila kugusa zilizokuwepo. Katika toleo la juzi kinafuta kila kitu kwanza, ndipo kinaweka kilichomo kwenye nakala. Sikuambiwa. Tangazo la toleo lilikuwa na mstari mmoja tu kuhusu jambo hilo: "Kurejesha nakala kumeboreshwa." Ukurasa wangu niliuandika miaka miwili iliyopita, na hatua zake ni hizi: fungua Mipangilio, chagua Nakala Rudufu, chagua faili, bofya Rejesha. Basi. Mkutubi mmoja, naye ni mtu wa kujitolea, aliufuata. Nakala yake ya mwisho ilikuwa ya miezi minane nyuma. Kumbukumbu zote za kuazimisha za miezi hiyo minane zikapotea. Hakunitukana. Aliniandikia ujumbe mfupi ulioanza hivi: "Nilifuata mwongozo wako neno kwa neno." Sijamjibu hadi leo. Sijui nimwambie nini.

Nilipolipeleka jambo hili kwa wasanidi, kiongozi wao alijibu kwamba programu nzuri haihitaji mwongozo na kwamba siku hizi watu hawasomi. Mwingine akasema ningekuwa nafuatilia mabadiliko ya msimbo, yaani maandishi yanayounda programu, ningeliona mapema. Pengine ni kweli, lakini mimi sijui kusoma msimbo, na sikujitolea kwa ajili hiyo.

Nina maswali matatu. Je, kosa ni langu? Nifanyeje ili wasanidi waniambie mambo kabla hayajatoka? Na je, ni aibu kufikiria kuacha, au hata kuuliza kama kuna malipo? Mradi una mfuko mdogo wa michango. Hadi sasa fedha zake huenda kwenye seva na safari za wasanidi kukutana. Nikiutaja mfuko huo najiona kama mtu aliyesaidia kubeba jeneza kisha akadai ujira.

Wako,
Mwenye Kurasa 140

*

Mdogo wangu Mwenye Kurasa 140,

Nianze na mkutubi, maana naona ndiye aliyekukaa moyoni kuliko wasanidi wote sita.

Kitufe kinachofuta kumbukumbu za watu kina wajibu wa kusema hivyo chenyewe, palepale kwenye skrini, kabla hakijabofywa. Kukigeuza kitufe kutoka kuongeza hadi kufuta na kukiachia jina lilelile ni kumtega kila aliyekizoea, awe amesoma mwongozo au hajausoma. Hata mkutubi ambaye hajawahi kufungua ukurasa wako angetumbukia. Kwa hiyo kabla hujagusa mwongozo, fungua tiketi ya hitilafu, yaani taarifa rasmi ya kosa kwa wasanidi, na iwe tiketi ya programu yenyewe. Andika hatua za kuirudia hitilafu hiyo, andika kilichotarajiwa na kilichotokea, kisha omba mambo mawili: onyo linalotaja neno "kufuta", na programu ichukue yenyewe nakala ya hali ya sasa kabla ya kufuta chochote. Usiweke lawama ndani yake. Miezi minane iliyopotea inajieleza.

Sehemu yako ipo, ni ndogo, na sitakuficha. Ukurasa wako haukusema uliandikwa kwa toleo gani, wala haukumwambia msomaji achukue nakala ya hali ya sasa kwanza. Ukurasa wowote unaohusu kufuta, kurejesha au kuhamisha data uanze na hatua hiyo, hata pale unapoamini kabisa kwamba programu haiwezi kuharibu kitu. Unachokiamini wewe leo kinaweza kubadilishwa na mtu mwingine wiki ijayo, kama ulivyojionea. Hilo ndilo la kwako. Lichukue, lirekebishe, usichukue zaidi ya hapo.

Kuhusu ile kauli kwamba programu nzuri haihitaji mwongozo, imenikera, nami nimeisikia mara nyingi mno kuiacha ipite. Walioandika mfumo wa kuendeshea kompyuta uitwao Unix, Ken Thompson na Dennis Ritchie, walikuwa na kitabu chake cha mwongozo tayari kufikia tarehe 3 Novemba 1971, wakati watumiaji wake walikuwa wachache kiasi cha kufahamiana kwa majina. Kila amri ilikuwa na ukurasa wake. Ukurasa ulikuwa na sehemu ya kutaja hitilafu zinazojulikana, na sehemu ya kumtaja mwenye amri hiyo ili msomaji ajue amuulize nani. Walioandika programu ndio walioketi kuandika kurasa. Hawakuona kwamba kazi hiyo inawashushia hadhi, wala kwamba ukurasa unaokiri hitilafu unaiaibisha programu. Ukipata nafasi, mkumbushe kiongozi wenu hilo kwa upole, kisha muulize: ukurasa wa Rejesha mwenye wake ni nani?

Nadhani hapo ndipo tatizo lako lilipo. Wewe umebeba wajibu wa kurasa 140 bila mamlaka juu ya hata mmoja. Ukikosea unalaumiwa, ukisahihisha unasubiri wiki tano. Hakuna mtu anayeweza kuifanya kazi hiyo vizuri kwa masharti hayo, hata angekuwa na usiku mbili kwa siku. Nawe hukuwekwa hapo kwa ubaya wa mtu. Mwaka 2017 GitHub, tovuti ya kuhifadhia na kusimamia msimbo wa programu, ilifanya utafiti miongoni mwa watu wa miradi huria, na asilimia 93 walisema nyaraka pungufu au zilizopitwa na wakati ni tatizo lililoenea. Katika utafiti huohuo, asilimia 60 ya wachangiaji walisema ni nadra kuchangia nyaraka, au hawachangii kabisa. Karibu kila mtu anaona uchafu sakafuni, wachache wanashika ufagio, na ukiushika mara ya kwanza wenzako wanadhani umezaliwa nao. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi.

Basi omba mamlaka, na uyaombe kwa namna ambayo ni rahisi kukubaliwa.

La kwanza ni ruhusa ya kuingiza mabadiliko ya mwongozo mwenyewe. Si jambo geni. Mradi wa FreeBSD, mfumo huria wa kuendeshea kompyuta, una watu wenye ruhusa ya kuingiza kazi kwenye nyaraka pekee. Hawagusi msimbo wa mfumo, na wanahesabiwa kuwa wanachama kamili wa mradi kama wale wa msimbo. Miaka mitatu ya masahihisho yako iko wazi kwenye historia ya mradi, kila mtu anaweza kuipitia. Wasanidi wakihofia kwamba utavuruga msimbo, waambie ruhusa ihusu mwongozo tu, na kama njia rahisi ya kufanya hivyo ni kuuhamishia mwongozo kwenye hazina yake ya pekee, yaani ghala lake la mafaili, ifanyike hivyo. Mimi binafsi napendelea mwongozo ukae pamoja na msimbo, kwa sababu nitakayoieleza sasa hivi, lakini kati ya kukaa pamoja ukisubiri wiki tano na kukaa mbali ukiwa na ufunguo, chukua ufunguo.

Sababu yenyewe ni hii. Mwongozo ukiwa hazina moja na msimbo, msanidi anaweza kubadilisha kitufe na ukurasa unaokieleza katika ombi moja la mabadiliko, na anayekagua akaona vyote viwili. Mradi wa Django, zana huria ya kutengenezea tovuti, umelifanya hili kuwa kanuni: kipengele kipya kisicho na majaribio na nyaraka hakipokelewi, hata kiwe kizuri namna gani. Nyie hamhitaji kuanza na kanuni kali hivyo. Omba swali moja tu liongezwe kwenye kiolezo cha kila ombi la mabadiliko: "Je, mtumiaji ataona tofauti yoyote? Kama ndiyo, eleza kwa sentensi moja." Sentensi hiyo itakufikia kabla ya toleo, na msanidi ataiandika akiwa bado anakumbuka alichokifanya. Aliyekigeuza kitufe cha Rejesha angelazimika kuandika "sasa kinafuta kumbukumbu zilizopo kwanza," na nina imani kwamba akiiona sentensi hiyo kwa maandishi yake mwenyewe angeshtuka.

Usiwaambie kwamba wanakudharau. Huenda ni kweli kidogo, ila ukianza hapo mazungumzo yatahusu hisia za watu sita na mwongozo utasahauliwa. Pitia matoleo mawili yaliyopita uhesabu, kisha andika kitu cha namna hii, ukijaza hesabu zako:

"Ndugu zangu, katika matoleo mawili yaliyopita nimekuta mabadiliko kadhaa yanayoonekana na mtumiaji ambayo mwongozo haukupata taarifa yake. Orodha nimeiambatisha. Moja limempotezea mkutubi kumbukumbu za miezi minane. Naomba mambo mawili: swali moja kwenye kiolezo cha maombi ya mabadiliko, ambalo nimekwisha kuliandaa mkiliridhia, na ruhusa ya kuingiza mabadiliko kwenye mwongozo. Naomba pia siku saba kati ya kufungwa kwa mabadiliko na kutoka kwa toleo, ili nipitie kurasa zinazohusika. Bila haya sitaweza kuendelea kusema kwamba mwongozo unalingana na programu, na itabidi tuandike hivyo juu ya ukurasa wa kwanza."

Sentensi ya mwisho iandike kama unaimaanisha, na nakusihi uimaanishe.

Na yule aliyesema ungefuatilia msimbo? Hakukutendea haki, lakini ndani ya maneno yake kuna kitu kinachoweza kukufaa. Programu nyingi zinazotafsiriwa kwa lugha mbalimbali huweka maneno yote ya kwenye skrini katika faili moja la watafsiri: kila jina la menyu, kila kitufe, kila ujumbe wa hitilafu. Katika miradi inayotumia gettext, chombo cha kutafsiria programu, faili hilo huishia na .pot, na linasomeka kama orodha ya sentensi za kawaida. Huhitaji kujua msimbo. Linganisha faili la toleo la zamani na la toleo lijalo, utaona kila neno lililoongezwa, lililoondolewa na lililobadilishwa. Kama mradi uko GitHub, kuna faili liitwalo CODEOWNERS ambamo, ukishapewa ruhusa ya kuandika kwenye hazina hiyo, unaweza kuandikwa kuwa mwangalizi wa faili la watafsiri, ukawa unaombwa kulikagua kila linapoguswa. Usiku wako wa kupitia menyu moja moja utapungua mno. Ila fahamu mpaka wake: lisingekuonyesha kilichompata mkutubi, maana neno "Rejesha" lilibaki vilevile, kilichogeuka ni kitendo. Kwa hilo hakuna njia isipokuwa msanidi kusema, au mtu kuzifuata hatua kwa mkono.

Hapo nafika kwenye kurasa 140, nami nasema wazi: ni nyingi mno kwa mtu mmoja. Futa.

Najua neno hilo linauma. Kila ukurasa una jioni yako moja ndani yake. Lakini msomaji hawezi kutofautisha ukurasa ulioukagua mwezi uliopita na ule uliouacha miaka miwili, vyote vina sura moja, na anaviamini sawasawa. Kurasa 40 za kweli zitamsaidia kuliko 140 ambazo baadhi yake zinadanganya na hajui ni zipi. Pa kuanzia kufuta ni pale ulipoeleza kinachoonekana chenyewe. Ukurasa unaosema "kitufe cha Hifadhi hutumika kuhifadhi" haujamfundisha mtu kitu, ila unakudai kazi kila kitufe kinapohama.

Kipimo cha kinachobaki, kipo kimoja ninachokipenda kilichotolewa na mtaalamu wa nyaraka Daniele Procida, anayekiita Diátaxis. Anasema nyaraka ni za aina nne na kila moja ina msomaji wake: somo la kumshika mkono mgeni, maelekezo ya kutimiza kazi fulani, marejeo ya kutafutia jambo mahususi, na ufafanuzi wa kwa nini mambo yako hivyo yalivyo. Kurasa nyingi zinazochosha kutunza ni zile zilizochanganya aina zote nne. Mtu amekuja kujua jinsi ya kurejesha nakala, unamweleza historia ya hifadhidata. Kwa maktaba ndogo, naona nguvu zako ziende kwenye maelekezo ya kazi. Mkutubi anafungua mwongozo akiwa na mtu amesimama mbele yake anayetaka kuazima kitabu. Anataka hatua sita zilizo sahihi.

Picha za skrini nazo. Zaidi ya 200! Picha huzeeka kabla ya maneno, haitafutiki, na asiyeona hapati kitu humo kama hukuiwekea maelezo. Rangi ya programu ikibadilishwa tu, picha zote zinaonekana za zamani hata kama hatua ni zilezile, na msomaji anaingiwa na shaka. Bakisha picha pale tu maneno yanaposhindwa, kama kuonyesha lebo iliyochapishwa vizuri inavyokaa kwenye mgongo wa kitabu. Kwingine taja jina la menyu na jina la kitufe kwa herufi nzito, inatosha. Nina hakika ukizipunguza hadi 30 hakuna atakayekuandikia kuziulizia.

Kazi nyingine ipe mashine. Viungo vilivyokufa visikulaze macho. Sphinx, chombo cha kujengea miongozo, kwa mfano, ina amri ya kukagua viungo vyote vya mwongozo, na ina alama ya kuandika "jambo hili limebadilika tangu toleo fulani" ndani ya ukurasa. Kama mnatumia chombo kingine, tafuta kinacholingana nacho.

Kinachobaki ni kile kisichoweza kufanywa na mashine, nacho ndicho kazi yako hasa. Chukua kompyuta isiyo na data ya mtu, sakinisha toleo lijalo, fungua ukurasa, na uufuate kama hujawahi kuuona. Usifanye unachokijua, fanya ulichokiandika. Utashangaa mara ngapi vidole vyako vinaruka hatua ambayo ukurasa haukuitaja. Ukifika mwisho salama, andika chini ya ukurasa: "Hatua hizi zilifuatwa hadi mwisho kwa toleo fulani, mwezi fulani." Mstari huo una faida kubwa kuliko unavyodhani. Msomaji mwenye toleo jipya zaidi atajua apunguze imani, nawe utajua ukurasa upi umekaa muda mrefu bila kutembelewa. Huwezi kuzifuata zote kila toleo, na usijaribu. Zile zinazoweza kumpotezea mtu data zifuate kila toleo bila kukosa. Nyingine zigawe katika mwaka.

Ujumbe wa watumiaji wenye hasira ujibu pale tu unapotaja ukurasa na hatua. Mwingine uache upite.

Sasa malipo na kuondoka. Mfano wako wa jeneza umenihuzunisha, maana haufanani na hali yako. Anayebeba jeneza hubeba mara moja. Wewe umefanya kazi yenye ratiba kwa miaka mitatu. Kurasa za mwongozo za Linux, zile ambazo wasanidi duniani kote huzisoma kila siku, zilitunzwa na Michael Kerrisk kwa miaka mingi kuanzia 2004. Baada yake kazi ikashikwa na Alejandro Colomar, na mwaka 2024 akatangaza hadharani kwamba anaisimamisha kwa kuwa hawezi kuendelea bila kulipwa. Watu hawakumwona mchoyo. Wafadhili walijitokeza, kazi ikaendelea. Google nayo ilianzisha mwaka 2019 mpango wa kutoa fedha kwa ajili ya waandishi wa nyaraka katika miradi huria, kwa sababu iliona kazi hiyo haijifanyi. Kwa hiyo uliza. Mfuko wa michango unaolipia safari za wasanidi umekwisha kukubali kwamba muda wa watu una thamani. Taja kazi mahususi, kama kupunguza mwongozo kutoka kurasa 140 hadi 40 kwa toleo fulani, badala ya kuomba kulipwa kwa ujumla. Wakikataa kwa sababu hakuna fedha, umeuliza tu. Jina lako lakini lazima liwemo kwenye orodha ya walioufanya mradi uwepo, na hilo halihitaji mfuko.

Kuondoka si aibu. Jipe matoleo mawili kuanzia sasa, na uwaambie hivyo leo. Katika matoleo hayo utaona kama swali limeingia kwenye kiolezo na kama ufunguo umepewa. Yakitokea, huenda hutataka kuondoka. Yasipotokea, tumia toleo la pili kuandika ukurasa mmoja wa makabidhiano: mwongozo unajengwaje, picha zinatengenezwaje, kurasa zipi ni za hatari, nywila ziko kwa nani. Ila usimkabidhi funguo wa kwanza anayekuharakisha. Mwaka 2024 ilibainika kwamba mlango wa siri ulikuwa umepandwa ndani ya xz, programu ya kubana data iliyomo karibu kila mahali penye Linux. Aliyeupanda alikuwa amejenga imani kwa zaidi ya miaka miwili, huku watu wasiojulikana wakimshinikiza mtunzaji aliyechoka amwachie nafasi. Mwongozo nao unaweza kumwelekeza mtu apakue faili baya. Uchovu wako usiamue nani anashika funguo, waachie wasanidi wote sita wakubaliane kwa pamoja.

Hayo ni ya wiki zijazo. Leo jioni fungua ukurasa wa kurejesha nakala. Juu kabisa weka onyo: kuanzia toleo hili, Rejesha inafuta kumbukumbu zote zilizopo. Chini yake weka hatua ya kuchukua nakala ya hali ya sasa na kuipa jina lenye tarehe. Kisha zifuate hatua zote mwenyewe kwenye kompyuta tupu, vitabu vitatu vya kubuni na mwazimaji mmoja, uone vinafutika na uone vinarudi. Tuma sahihisho, mtafute msanidi mmoja kati ya wale sita kwa jina lake, umwombe aliingize usiku huu huu na umweleze kwa nini.

Halafu mjibu mkutubi. Mwambie ulivyouandika ukurasa, kilichobadilika, na ulichokwisha kurekebisha, na mtumie namba ya tiketi uliyoifungua. Muulize kama kompyuta yake ina nakala nyingine yoyote ya folda ya data, labda kwenye diski ya nje au kwa mtu aliyemsakinishia programu, na kama vitabu vilivyoko nje vina kadi au daftari la kuazimia. Ikiwa lipo, jitolee kukaa naye kwenye simu wakati anaingiza upya yale ambayo bado hayajarudishwa. Yaliyokwisha kurudishwa yanaweza kusubiri.

Dada yako mshauri